Ulimi wa kilo 11: kisa cha kengele ya parokia yetu

Mkesha wa Pasaka, padri kaanza wimbo wa Utukufu, taa zote zimewashwa, watumikiaji wanatikisa vile vikengele vya altareni mpaka unaona huruma, na watu wanasubiri kengele kubwa ya mnarani ambayo haijalia tangu Alhamisi Kuu. Ikaanza. Mara nne tano ikalia vizuri tu, tena kwa nguvu kuliko tulivyozoea, mama mmoja jirani yangu akasema leo imeamka. Halafu ikabadilika. Badala ya ile ngooo inayobaki hewani ikawa kwang', kwang', kwang', kama mtu anagonga sufuria lenye uji ndani, na kijana aliyekuwa kwenye kamba akadhani hajavuta vya kutosha akazidi kuvuta.

Mi ni katibu wa halmashauri ya walei ya parokia hiyo, ipo kijijini upande wa Masasi, ukiwa uwanjani pale unaona uwanda wa Makonde umekaa kama ukuta. Nimeamua kukiandika kisa hiki mwanzo mpaka mwisho kwa sababu huku kila mtu ana simulizi yake, na katika nyingi mimi natoka msafi kuliko nilivyostahili.

Kwanza muijue yenyewe. Ni ya shaba nyekundu iliyochanganywa na bati, mchanganyiko wa kengele kwa kawaida unakuwa shaba kama asilimia 78 na bati 22, ndo maana ni ngumu na inavuma lakini haipendi kupigwa hovyo, ule ugumu wa bati unaenda pamoja na kuvunjika. Mdomoni ina sentimita 60 na kitu kwa upana, kwa hiyo uzito wake unacheza kwenye kilo 130 hadi 150. Ina maandishi ya Kijerumani na mwaka kwa namba za Kirumi ambazo kila anayepanda anazisoma vyake, tuna miaka mitatu tofauti kwenye daftari la parokia na yote imeandikwa kwa wino. Ya Kijerumani haishangazi, Wabenediktini, watawa wa Kijerumani, waliingia Lukuledi 1895, Maji Maji ya 1905 ikachoma Lukuledi na Nyangao, mwaka uliofuata wakaanza Ndanda, na vitu vingi vya makanisa ya huku vilipitia mikononi mwao. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi wana historia ndefu zaidi, wao ni tangu 1876, na hawaachi kutukumbusha.

Vigango vyetu, yale makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, vingi havina kengele, vina kipande cha reli au ringi ya lori imening'inizwa kwenye mwembe, unagonga kwa nondo na inafanya kazi. Ndo maana kengele ya parokia ni kitu cha watu wote. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni inalia kwa sala ya Malaika wa Bwana, tatu, tatu, tatu, halafu tisa. Wanaotoka mashambani saa 6 mchana hawaulizani dini, na ile ya jioni huku kwetu mara nyingi inapokezana na adhana ya magharibi, watoto wanajua ikisikika moja tu kati ya hizo mbili tayari umechelewa kurudi nyumbani. Akifa mtu inagongwa moja moja, polepole, na kijiji kizima kinanyamaza kuhesabu. Sasa wiki ile ya Pasaka tulikuwa na msiba na kengele ikagongwa kwang', mzee mmoja wa msikitini akanisimamisha njiani akaniuliza kwa upole kabisa, "Katibu, kengele yenu inaumwa?"

Kikao kikaitwa upesi. Baba Paroko akafungua kwa sala na kabla hata mjadala haujaanza mimi nikasema imepasuka. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyewahi kupasua sahani. Hakuna aliyekuwa amepanda mnarani, mimi pia sikupanda, kule juu kuna nyuki miaka yote na kila mtu ana sababu nzuri ya kubaki chini. Lakini neno la katibu likishaingia kwenye muhtasari linakuwa ukweli, na likishakuwa ukweli linatafuta mtu wa kulibeba. Yule kijana alikuwa amekaa karibu na mlango. Macho yote yakaenda kule.

Mawazo yaliyotoka kikaoni yalikuwa ya kila aina. Kuna waliotaka kengele mpya, kila kaya itoe baada ya malipo ya mnada wa kwanza wa korosho, maana yake tukae bila kengele mpaka Oktoba na kuendelea, na kuagiza kengele ya kuyeyushwa si kama kununua jembe dukani. Kuna waliotaka spika za honi na sauti ya kengele iliyorekodiwa, ambayo mimi binafsi siipendi, nimeisikia sehemu betri ikiisha katikati ya tisa za mwisho, kengele inazama kama mtu anayesinzia. Mjumbe mmoja akasema kengele imekasirika kwa sababu mzee aliyeigonga miaka zaidi ya 30 aliondoka bila hata kanga ya mkewe kutoka kwetu. Tukacheka. Ila ukiangalia vizuri yeye ndiye aliyekuwa karibu na jibu kuliko sisi wote.

Mwisho tukaafikiana jambo moja baya: fundi achomelee ufa. Ufa ambao hakuna aliyeuona.

Kilichotuokoa ni simu. Mama mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alikuwa na namba ya yule mzee, saivi anakaa kwa binti yake Mbagala kama nusu ya watu wa kusini, akasema jamani mpigieni muulizeni tu. Nikampigia jioni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, habari za huko, korosho zimechanua?"

Babu, korosho zitachanua zikifika, kuna tatizo la kengele. Nikamweleza. Hakusema kitu muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha, halafu akasema nenda nayo simu chini ya mnara, mwambie kijana agonge, nisikie. Mi nikaona maajabu, kengele unaitibia kwa simu? Nikaenda. Kijana akagonga mara tatu.

"Tena."

Akagonga tena.

"Haijapasuka hiyo," mzee akasema. "Kengele iliyopasuka haivumi hata kidogo, inakwaruza. Hii inataka kuvuma alafu inakatwa. Mmeishika mdomo. Nani kaufunga ulimi kamba?"

Hapo ndo nikaanza kusikia baridi tumboni, kwa sababu aliyeruhusu ulimi, kile chuma kinachoning'inia ndani na kuigonga kengele, ufungwe kamba ni kamati, na barua ya ruhusa niliiandika mimi.

Ikabidi nirudi nyuma nipange mambo yalivyofuatana, na yakipangwa vizuri yanasikitisha. Enzi za mzee kamba haikugusa ulimi kabisa. Kamba ilikuwa kwenye gurudumu la mbao pembeni ya boriti, ukivuta kengele nzima inabembea, ulimi unagonga wenyewe na kuruka nyuma, unagusa chuma kwa nukta moja tu na kukiacha kivume. Mzee aliposafiri, kengele ikaanza kuwa nzito. Mvua za kuanzia Desemba zilivyoingia, mihimili miwili inayozungukia ikashika kutu kwenye bushi, kijana anavuta haiendi, anaongeza nguvu haiendi, mwisho gurudumu likang'oka upande mmoja. Akaja kwetu akasema. Tukamwambia, kwa maneno haya haya, funga kamba kwenye ulimi kwa muda. Huo muda ukawa miezi.

Ukifunga kamba kwenye ulimi unapata shida mbili. Ya kwanza mgongaji akivuta anakawia kuachia, kwa hiyo ulimi unabaki umelala kwenye ukuta wa kengele wakati kengele inataka kuvuma, ni kama upige ngoma huku umeweka kiganja kwenye ngozi yake. Ya pili hiyo ndo njia maarufu kabisa ya kupasua kengele duniani, huko Uingereza wamepoteza kengele nyingi za zamani hivyohivyo, kisa mtu alitaka kugonga bila kuchoka.

Halafu katikati ya Kwaresma pini ya ulimi, iliyolika miaka mingi na sasa inavutwa upande mmoja tu, ikakatika na ulimi ukadondoka. Ulitua hatua mbili kutoka kwa mtoto wa kwaya. Hapo kamati tukawa wakali, tukasema tunataka ulimi imara usiodondoka tena, na tukampa kazi fundi mmoja wa barabarani, akatutengenezea mzuri kwa macho, kakata shafti ya nyuma ya Fuso kachomelea bonge la chuma mwishoni. Tulipoubeba tukafurahi kwa uzito wake. Mjumbe mmoja alisema, na mi nikaitikia, kizito ndo imara.

Yote haya mzee aliyasikia kwa simu, nikimaliza kipengele anaguna. Mwisho akauliza, "Na Ijumaa Kuu nani alipanda?"

Ijumaa Kuu hapandi mtu babu, kengele imenyamaza.

"Ndo maana ya kupanda."

Kumbe! Miaka yote ile, kuanzia Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha, siku ambazo kengele hailii na tunatumia vibao vya mbao, mzee alikuwa anachukua kopo la grisi, spana mbili na makumbi ya nazi ya kufukizia nyuki, anapanda peke yake. Anapaka grisi kwenye bushi, anakaza nati za boriti, anaangalia pini, anapapasa mahali ulimi unapogonga. Hakuna aliyejua kwa sababu wote tulikuwa kwenye Njia ya Msalaba. Sisi tulijua siku zile kengele inaomboleza, kumbe ilikuwa gereji.

Kesho yake nikamtafuta fundi mwingine, Myao mmoja wa mjini Masasi anayechomelea mageti na kuchonga bushi za matrekta, Mwislamu safi, nikamwambia kwanza kwamba ni kazi ya kanisani asije akashtuka. Akasema chuma hakina dini, ila nyuki mnawatoa ninyi. Tukapanda jioni, kijana akiwa mbele na moshi, mimi wa mwisho kwenye ngazi nikijifanya nashika tochi.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kukata ile kamba. Akachukua kipande cha mti akagonga mdomo wa kengele taratibu, ikaimba. Kweli ikaimba, ila kwa mbali kulikuwa na kitu kinazizima, zzzz, na mi nikasema unaona, ufa huo. Nilikuwa bado naupigania ufa wangu. Fundi akasema tulia. Akafuta ukingo wote kwa kitambaa, akapaka mafuta ya taa, akaacha yanywe, akafuta tena mpaka pakauka, halafu akapaka unga wa chaki ya shuleni. Hii ni njia ya magereji, kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, mafuta yaliyoingia ndani yanarudi nje na kuchora mstari kwenye chaki. Tukashuka, asubuhi tukarudi tukaangalia nje na ndani, kengele nzima. Hamna mstari.

Mzizimo ulikuwa wa nati mbili za boriti zilizolegea, mninga wenyewe mzima ila mchwa walishaanza upande mmoja. Akazikaza kwa spana, akagonga tena, zzzz ikakata. Nikatamani ngazi inimeze.

Lakini pia alituonyesha kitu kilichonitisha kuliko ufa. Kwa ndani, mahali ulimi mpya ulipokuwa unapiga, kulikuwa na mashimo madogo, shaba imebonyea kama bati lililopigwa nyundo, na yalikuwa juu ya sehemu nene. Kengele ina mkanda mnene karibu na mdomo, pale ndo inataka kupigwa, ukipanda juu kidogo ukuta unakuwa mwembamba. Ulimi wetu ulikuwa mfupi kwa inchi kama mbili hivi, kwa hiyo ulipiga pembamba, kwa chuma cha shafti ambacho ni kigumu kuliko kengele yenyewe. Ulimi unatakiwa uwe laini kuliko kengele, uchakae wenyewe, maana ulimi unabadilishika.

Tukaupeleka kwenye mizani ya ghala la AMCOS, ushirika wa wakulima wa korosho, pamoja na ule wa zamani ambao kwa bahati kijana hakuutupa. Wa zamani kilo 5 na robo. Mpya kilo 11. Kwa kengele ya kilo 130 mpaka 150, ulimi wa kawaida ni asilimia 3 hadi 5 hivi ya uzito, kwa hiyo wa mzee ulikuwa ndani ya mstari na wetu ulikuwa nyundo. Jamaa wa ghalani akauliza hii nayo daraja la kwanza au la pili.

Wanaojua mambo watasema kosa hili lina mwenzake mkubwa, na ni kweli. Ile kengele ya London wanayoiita Big Ben, tani 13 na ushee, ilipasuka mwaka 1859, miezi michache tu tangu ianze kugonga saa, kwa sababu Edmund Beckett Denison, aliyebuni saa yenyewe, aliweka nyundo nzito mara mbili ya ile waliyosema waliomwaga kengele, mafundi wa Whitechapel. Denison akawalaumu mafundi. Karibu miaka minne saa zikawa zinagongwa kwenye kengele nyingine, mpaka walipoizungusha ile kubwa kidogo ili nyundo ipige mahali pengine, wakaweka nyundo nyepesi, na mpaka leo inalia na ufa wake. Kwa hiyo hata wenye bunge walisema kizito ndo imara, tofauti yetu ni kwamba wao walipata ufa wa kweli wa kugombania na sisi tukagombania wa kwetu wa mdomoni.

Na ule mpango wa kuchomelea, fundi aliposikia alishika kichwa. Shaba ya kengele ukiipasha sehemu moja kwa moto wa kuchomelea, pale panatanuka huku pengine pamepoa, ndo unapata ufa sasa, mrefu. Kuna karakana Nördlingen kule Ujerumani wanaofanya kazi hiyo, wanaipasha kengele nzima kwenye tanuru kwanza na kuipoza polepole, na si jambo la mtu na geti lake. Tulikuwa na siku tatu tu kabla ya fundi wa kwanza kuja na mashine.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na maajabu. Kuazima winchi ya mnyororo, kuinyanyua kengele kidogo, kuizungusha robo ili ulimi upige mahali pazima, kuchonga bushi mpya na pini, kurudisha ulimi wa zamani, seremala akatengeneza gurudumu, boriti ikapakwa oili chafu kwa ajili ya mchwa. Siku mbili na nusu. Gharama tuliilipa kwa sadaka ya Jumapili moja na mchango wa wawata, na fundi akakataa hela ya siku ya kwanza, akasema ile alikuja kutazama tu. Saa 12 jioni siku ya tatu ikalia, nikampigia babu nikamwekea simu. Akasikiliza tisa za mwisho mpaka zikaisha kabisa hewani, akasema, "Ameachia mapema kidogo ya mwisho. Atazoea." Akakata.

Baadhi ya wenzangu kwenye halmashauri wanasema kisa kiliishia hapo, kengele imepona, ya nini kufukua. Mi naona hawakusoma vizuri. Ukifuatilia nani alifanya nini, kijana alifanya kila alichoambiwa: alitoa taarifa bushi zilipokwama, alifunga kamba kwa ruhusa ya maandishi, alitunza ulimi wa zamani, alivuta kamba usiku wa Mkesha kama alivyotumwa. Kuna swali moja sikumuuliza mapema, kwa nini hakupanda hata siku moja kuangalia. Nikaenda kumuuliza nyumbani kwao, alikuwa kwenye mikorosho anapunguza matawi, hakushuka kunisalimia mara moja kama zamani na sikumlaumu.

Akasema, "Kaka, ufunguo."

Mzee alipoondoka alirudisha ufunguo wa mlango wa mnara parokiani kwa heshima zote, na sisi tukaona ni busara ukae ofisini ili vijana wasichezee huko juu. Kamba inaning'inia nje, kugonga huhitaji ufunguo. Kupanda ndo unauhitaji. Kijana aliuomba mara mbili, mara ya kwanza ofisi ilikuwa imefungwa, mara ya pili nilimwambia aje na barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake. Ulikuwa kwenye droo yangu, chini ya mihuri, miezi yote hiyo.

Nikamuuliza kama atarudi kugonga. Akasema atarudi, ila ufunguo akae nao yeye, na grisi inunuliwe na parokia. Nikampelekea jioni hiyohiyo, ufunguo na kopo la nusu kilo, akaligeuza kopo akasoma maandishi ya nyuma, akaniuliza hii si ya moto mkali sana kwa bushi? Nikamwambia mimi sijui, mpigie babu.